Wafungulieni Watafiti Mabwawa ya Majitaka

Mtu akishavuta maji chooni huona shauri lake limekwisha. Kumbe ndiyo kwanza linaanza, na wanaobaki nalo ni bakteria, wafanyakazi wasiodai mshahara, ila hufanya kazi vizuri pale tu tabia zao zinapojulikana. Kuzijua ni kazi ya vyuo vikuu, nami leo nawaombea watafiti wetu mlango.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuchunguza vitanda vya kokoto vilivyopandwa matete. Ukisimama kando ya kitanda cha namna hiyo huyaoni maji. Yanapita chini kwa chini, polepole, yakigusa mizizi na mawe. Na kila jiwe limevaa utelezi, kama ule wa ndani ya mtungi. Utelezi huo ndio bakteria wenyewe, wanaokula uchafu mchana na usiku. Hakuna mota wala bili ya umeme. Maji yatokayo si ya kunywa, tuelewane, lakini hayauui mto.

Msiseme hizo ni ndoto za wasomi. Mwaka 1914, huko Manchester, Uingereza, Ardern na Lockett, wakemia wa idara ya mito ya jiji, walitangaza kuwa tope linalobaki baada ya majitaka kupulizwa hewa lisimwagwe, kwa maana limejaa bakteria walio tayari kwa kazi. Usafishaji uliochukua wiki kadhaa ukawa wa chini ya siku moja. Aliyewachochea ni Gilbert Fowler, mwalimu wa chuo kikuu cha hapo hapo. Jiji lilitoa majitaka yake, chuo kikatoa fikra, na mitambo ya miji mingi duniani leo hufuata njia ile.

Basi, waheshimiwa madiwani, nanyi wakuu wa shule za bweni, hospitali na magereza: mwiteni mtafiti kabla fundi hajachimba shimo. Mruhusuni achote sampuli, hata kama majibu yatawaaibisha.

Na ninyi wasomi, tasnifu iliyofungiwa kabatini haisafishi hata ndoo moja. Yupo mhudumu wa bwawa la majitaka, mwenye buti za mpira na reki ndefu, ambaye hajaandikiwa hata ukurasa mmoja wa Kiswahili. Mwambieni kwamba tope likijaa, maji hupita mbio kabla bakteria hawajashiba. Mfundisheni kuzungushia mti mrefu taulo jeupe, auzamishe taratibu hadi sakafuni mwa bwawa la kwanza kupokea majitaka, kisha autoe: pale taulo lilipochafuka kwa tope ndipo tope lilipofika. Likifika theluthi ya kina, aende ofisini kudai litolewe, na ofisi imsikilize.