Onyo la mvua lisilale kwenye simu moja

Mvua si mchezo hapa Kivu Kusini. Tarehe 4 Mei 2023, huko Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, mafuriko yaliua watu zaidi ya 400.

Huku Kadutu, ambako nyumba zimeshikilia mlima, onyo likipitia kwa chefu wa kata peke yake, simu yake ikizimika meseji zote zinalala hapo. Chefu wa avenue ya jirani yuko macho, hana habari.

Ofisi ya meya igawe kazi hiyo: kila mpigaji apewe avenue chache, na asiyejibu, onyo lake lihamie kwa jirani anayejibu. Lakini lisitumwe kwa wote mara kumi! Watu wakichoka na kelele, hata la kweli watalipuuza. Majina ya wapokeaji yaandikwe sasa, kungali jua.