Fundi na Kazi Yake: Motere Inayogonga

Shofere mmoja wa parokia, apandaye mara nyingi milima ya Ngomo kati ya Uvira na Bukavu, ametuuliza hivi: «Motere yangu ya esanse inagonga. Wenzangu waniambia nitie mafuta mazito zaidi, kisha niendelee na safari. Nifanyeje?» Ndugu yetu, simamisha gari kwanza, ukasikilize.

Maana si kila kishindo ni ugonjwa ule ule. Mlio mwembamba wa haraka, kama njugu zitikiswazo ndani ya mkebe, usikikao wakati wa kupanda mlima na mzigo, aghalabu watoka katika esanse iwakayo vibaya: tazama ubora wake na saa ya cheche. Mlio mwepesi wa juu, chini ya kifuniko cha valvu, wataka valvu zirekebishwe. Motere igongayo asubuhi ikiwa baridi, kisha ikanyamaza ikipata moto, huenda ina pistoni iliyolegea. Bali kishindo cha bieli ni kizito, mfano wa nyundo juu ya chuma; huzidi mafuta yakipata moto na kuwa mepesi, nacho husikika sana hasa pale uinuapo mguu baada ya kukimbiza motere kidogo.

Ili kujua ni bieli ipi, iache motere izunguke polepole, ukazime silinda moja moja kwa kuondoa cheche yake. Shika waya kwa koleo lenye mpini wa mpira, nao uguse chuma cha motere, usibaki wazi hewani. Katika magari ya siku hizi ni afadhali kuchomoa plagi ya injekta. Kishindo kikipungua au kikinyamaza kwa silinda fulani, hiyo ndiyo yenye kosa. Kisha mwaga mafuta katika beseni safi, uyatazame juani. Ukiona vumbi la chuma limetametalo, usiwashe motere tena.

Hapo nakumbuka jambo niliyoliona mwenyewe. Shofere mmoja alisikia kishindo siku nne, akanyamaza, kwa kuwa bwana wake alikuwa na desturi ya kumkata mshahara kwa kila kilichovunjika. Siku ya tano bieli ilikatika penye kona, ikatoboa ubavu wa motere, na akina mama waliokuwa juu ya mizigo wakatembea usiku kucha na watoto mgongoni. Kusineti nne zingaligharimu kidogo. Motere nzima haikupatikana kwa miezi mingi. Ninyi wenye magari, msimkemee aletaye habari mapema.

Basi, tuingie kazini. Fungua karteri. Kabla ya kulegeza bieli yoyote, tia alama kwa msumari wa chuma juu ya bieli na kofia yake, ubavu ule ule, kwa hesabu ya silinda. Kofia ya bieli moja haifai kwa nyingine kamwe, wala haigeuzwi. Kusineti ni ganda la chuma lililopakwa madini laini. Isaac Babbitt wa Marekani alibuni madini ya namna hiyo katika mwaka wa 1839. Katika kusineti nyingi, ukiona wekundu wa shaba, rangi ya kijivu ya juu imekwisha liwa.

Usikimbilie kutia mpya. Pima kwanza shingo ya mhimili kwa mikrometa, pande mbalimbali. Ikiwa ina mikwaruzo inayokwama kucha, au imekuwa kama yai kupita kipimo cha kitabu cha motere, ipelekwe kusagwa, kisha itiwe kusineti nene zaidi, kwa mfano za 0.25 mm. Wako mafundi wanaopiga tupa kofia au kutia karatasi nyuma ya kusineti. Huko ni kumdanganya mwenye gari.

Nafasi ya mafuta katika motere nyingi ndogo ni kati ya 0.03 na 0.07 mm hivi, si zaidi ya unene wa unywele. Uzi wa plastiki wa kupimia hulazwa juu ya shingo kavu, kofia hukazwa kwa ufunguo wenye kipimo bila kuzungusha mhimili, kisha upana wa uzi uliobanwa hulinganishwa na karatasi yake.

Safisha vijia vya mafuta, kagua pompi, badili chujio. Kwani kusineti haikufa bure, na asipoondoa sababu atarudi chini ya gari upesi. Paka mafuta, kaza kwa kipimo, zungusha mhimili kwa mkono: usikwame mahali. Zungusha motere bila cheche mpaka mafuta yapate nguvu, ndipo uwashe.

Na yale mafuta mazito? Hufunika sauti kwa siku chache, wala hayarudishi chuma kilicholiwa. Ndugu yetu wa Ngomo atuandikie ni silinda ya ngapi aliyoikuta.