Katibu, Usukani Unanivuta Kushoto



Juma hili naomba idhini yako nitoke kidogo katika mazungumzo yetu ya malezi na maisha ya nyumbani, niingie chini ya gari. Usidhani ni habari ya mafundi peke yao. Katika wilaya yetu ya Kibiti, na katika vijiji vinavyoizunguka delta ya Mto Rufiji, gari moja la kupanda milima na kuvuka matope huwabeba watu wa nyumba nyingi: mjamzito anayewahishwa hospitali, mwanafunzi anayerejea shuleni, mfanyabiashara na magunia yake ya korosho, na maiti anayepelekwa kuzikwa kwao. Uhai wa wote hao unashikiliwa na kipande cha chuma kisichozidi ukubwa wa ngumi ya mtoto.

Nianze na kisa changu. Masika fulani, mvua zilipokuwa zinaelekea ukingoni, gari la msikiti wetu, Land Cruiser pikapu ya siku nyingi, lilibeba jeneza kuelekea upande wa Nyamisati. Lilikuwa limekwisha kuiacha lami na linakwenda mwendo wa mtu mwenye haraka. Lilipokanyaga shimo, ukasikika mlio mmoja mkavu. Gurudumu la kulia likaelekea huku na la kushoto likaelekea kule, na gari likajiingiza mtaroni. Hakuna aliyeumia. Waliokuwamo wakashuka, wakalipokezana jeneza mabegani kwa masafa yaliyobaki, na mazishi yakafanyika jua likikaribia kuzama. Lau mlio ule ungetokea dakika kumi kabla, tukiwa bado kwenye lami tukipishana na malori ya Lindi na Mtwara, nadhani makala hii ingeandikwa na mwingine.

Kilichovunjika ni tairodi endi. Ilikuwa haijatimiza miezi mitano tangu inunuliwe, na hati ya malipo ilikuwa na saini yangu. Tuliichagua kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba bei yake ilikuwa nusu ya ile nyingine. Tena, wiki tatu kabla ya siku ile, dereva wetu, mzee aliyenizidi umri kwa miaka ishirini, alinijia baada ya swala ya Alasiri akasema: "Katibu, usukani unanivuta kushoto, na nikikanyaga shimo kuna kitu kinagonga chini." Nikamjibu: "Subira kidogo, mzee wangu, tungoje mchango wa Ijumaa." Maneno hayo yananirudia hadi leo.

Basi tufahamu kwanza kifaa chenyewe. Dereva anapozungusha usukani, nguvu ya mkono wake hushuka hadi kwenye stelingi boksi, kisha hupita katika fimbo hadi magurudumu ya mbele. Fimbo inayoyaunganisha magurudumu mawili ili yageuke pamoja ndiyo tairodi. Katika kila ncha yake kuna kiungo chenye gololi iliyokaa ndani ya kikombe, mfano wa mfupa wa paja unavyokaa katika nyonga. Kiungo hicho ndicho tairodi endi. Bolijointi zina umbile la namna hiyohiyo, na katika magari mengi ambayo kila gurudumu la mbele lina mikono yake, ndizo zinazolishikilia gurudumu lisichomoke.

Magari hayalingani. Yale yenye ekseli nzima mbele, kama Land Rover Defender za zamani na Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, huwa na tairodi ndefu iliyo wazi chini ya gari, ambapo kisiki au jiwe laweza kuipinda. Hilux za kuanzia mwaka 2005 zina fimbo fupi mbili, na viungo vya ndani vimefichwa katika mifuko ya mpira yenye mikunjo. Mfuko huo ukichanika, kiungo huharibika bila ya mtu kukiona. Kwa hiyo anayekwenda dukani aende na namba ya chasisi, au na kiungo cha zamani mkononi. Kusema "nataka ya Toyota" hakutoshi.

Sasa, kwa nini viungo hivi havidumu kwetu? Wengi hujibu kwamba ni mashimo. Mashimo yana sehemu yao, lakini aghalabu huja kumalizia kazi iliyoanzwa na maji. Ukitoka Kibiti kwenda kusini, lami inakufikisha hadi Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, na kuvuka mto bila taabu. Ukiiacha lami hiyo kuelekea upande wa pwani na mikoko, hali hubadilika. Kuna mchanga, kuna mfinyanzi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na kuna maji ya chumvi yanayopanda na bamvua. Bado tunayakumbuka mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti, na Kimbunga Hidaya kilichofuata mwanzoni mwa Mei. Gari lililopita katika maji yale lilibeba tope ndani ya viungo vyake hata baada ya kuoshwa likang'aa.

Kila kiungo kimefunikwa kwa mpira mdogo unaozuia grisi isitoke na uchafu usiingie. Mpira ule ukipasuka, hata kwa ufa wa upana wa kucha, maji na mchanga huingia. Mchanga uliochanganyika na grisi huwa msasa, nao huila gololi kila usukani unapogeuka. Chumvi nayo huleta kutu. Mwishowe gololi hulegea katika kikombe chake, na shimo moja tu linatosha kuichomoa. Tulipokitazama kiungo chetu kilichovunjika, tuliukuta mpira wake umekakamaa na kupasuka, na ndani hamkuwa na grisi, mlikuwa na uji wa kahawia wenye mchanga. Hivyo basi, kwa mazingira yetu, anayetafuta uimara asiuangalie unene wa chuma peke yake. Auangalie kwanza mpira.

Mpira mzuri ni laini, hurudi upesi ukibonyezwa, na umeshikwa barabara kwa pete juu na chini. Uukunje taratibu kwa kidole. Ukiona nyufa nyembamba ungali mpya, urudishe kabatini.

Jambo la pili ni nipo ya kutilia grisi. Viungo vingi vya kisasa hufungwa moja kwa moja kiwandani, na kwa gari la mjini hilo halina neno. Kwa gari linalovuka maji kila wiki, chenye nipo kina faida kubwa, kwa kuwa grisi mpya huisukuma nje ile iliyoingiwa na maji. Lakini faida hiyo ni ya mwenye kuitumia. Nipo isiyoguswa na pampu ya grisi mwaka mzima haina maana yoyote.

La tatu ni chuma chenyewe. Kiungo cha kutumainiwa hutengenezwa kwa chuma kilichofuliwa, yaani kilichopondwa kikiwa cha moto, na si kilichomiminwa tu katika kalibu. Kilichofuliwa hupinda kabla ya kukatika, nacho humwonya dereva. Kilichomiminwa vibaya hukatika ghafla. Tazama kama kina vishimo vidogo juu yake au kingo zenye makapi. Kisha shika pini yake uizungushe: kiungo kipya huwa kizito kidogo na huzunguka sawasawa. Kikicheza ovyo kingali dukani, kitafanya nini barabarani?

La nne ni jina. Zipo chapa zilizojijengea heshima katika viungo vya usukani, kama 555 ya Japani na Lemförder ya Ujerumani. Lakini chapa inayoheshimiwa ndiyo inayoigwa, hivyo boksi zuri si ushahidi. Linganisha maandishi yaliyo juu ya chuma na yale ya boksi, dai risiti yenye jina la kifaa, na ujihadhari na bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine. Na viungo vilivyotumika vilivyotolewa katika magari yaliyokatwa nje ya nchi tuviache kabisa, maana hakuna ajuaye vimebakiwa na umri gani.

Yapo pia makosa ya upande wetu sisi wenye magari. Tairodi ikipinda, wengine huinyoosha kwa moto, au huichomelea bomba juu yake ili "ikaze". Moto huharibu ugumu wa chuma, na weldi hukatika bila ya kuaga. Anayetaka fimbo nene atafute iliyotengenezwa hivyo, yenye nyuzi zinazooana na gari lake, akijua kwamba kipigo kisichoipinda fimbo kitahamia kwenye kiungo au kwenye stelingi boksi. Matairi makubwa kuliko yaliyokusudiwa nayo huviongezea viungo mzigo.

Wakati wa kufunga, simama karibu na fundi wako kwa adabu. Nati yenye meno hukazwa kwa kipimo, kisha spiliti pini mpya hupitishwa na kupindwa. Tundu lisipolingana, nati huongezwa kukazwa kidogo, wala hailegezwi kulifuata tundu. Baada ya hapo magurudumu yapimwe mwelekeo, la sivyo matairi yataliwa upande mmoja.

Ama ukaguzi, kila familia yenye gari yaweza kuufanya. Inua gurudumu la mbele kwa jeki, uweke tegemeo imara, kisha ulishike kushoto na kulia kama mikono ya saa ya ukutani inayoonyesha tatu na tisa. Ulitikise. Likicheza hivyo, shaka ya kwanza ni tairodi. Lishike juu na chini. Likicheza hivyo, shaka iende kwenye beringi au bolijointi. Kisha gari likiwa chini, mmoja autikise usukani kidogo kidogo, na mwingine atazame kila kiungo. Kinachochelewa kuifuata fimbo ndicho kilichochoka. Na kila baada ya kuvuka maji ya chumvi, gari lioshwe chini kwa maji baridi na viungo vyenye nipo vitiwe grisi.

Nilikirudisha kipande kilichovunjika kwa aliyetuuzia. Akanionyesha kibao ukutani: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Katika fiqhi ya biashara tunafundishwa kwamba mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye aibu iliyofichika anayo khiyari ya kukirudisha, na kibao hakiiondoi dhima ya muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa yake akainyamazia. Hilo ni lake na Mola wake. Langu mimi ni kwamba nilikuwa na amana ya watu, nikapima bei nikasahau kuwapima waliomo garini.

Sasa kamati yetu ina daftari linalokaa ndani ya gari. Humo huandikwa tarehe ya kila kiungo kilichofungwa, duka lilikonunuliwa, siku ya grisi na neno la dereva. Tumekubaliana kwamba dereva akiandika kuwa usukani unavuta au chini kunagonga, gari halitoki hadi likaguliwe, hata kama mfuko wa msikiti ni mtupu na hata kama mimi katibu nimesema lisubiri. Juma lililopita mzee wetu aliandika mstari mmoja: "Kushoto, mpira umepasuka." Gari lililala siku mbili. Watu walinung'unika, nami nikanyamaza.

Wabillahi tawfiiq.