Mhasibu wa Kahawa Aijue Kahawa

Kuna dhana iliyoota mizizi katika vyuo vyetu kwamba mhasibu ni mhasibu tu. Aliyefaulu mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu anaweza, kwa mujibu wa dhana hiyo, kutumwa leo hotelini, kesho hospitalini na keshokutwa kwenye chama cha ushirika cha msingi huko Kibosho au Rombo. Debiti na krediti, tunaambiwa, hazibadiliki. Ni kweli hazibadiliki. Lakini kilo za kahawa hubadilika, na mhasibu asiyejua zinavyobadilika hawezi kumlinda mkulima.

Tuzifuate kilo hizo kutoka kihambani. Matunda mabivu humenywa, huoshwa na kukaushwa. Kilo takriban tano za matunda hubaki kilo moja ya kahawa iliyo bado na ganda lake la ndani. Hiyo ndiyo ambayo karani wa chama huipima na kumwandikia mkulima stakabadhi. Ikifika kiwanda cha kukoboa mjini Moshi, ganda huondolewa na uzito hupungua tena kwa takriban moja ya tano. Kisha kahawa safi hupangwa kwa madaraja, AA, A, B, PB na mengineyo, kila daraja na bei yake. Mnadani bei hutajwa kwa dola za Marekani kwa kilo 50. New York, inakotazamwa bei ya arabika duniani, hutajwa kwa senti kwa ratili.

Sasa tuseme chama kimepeleka kilo 10,000 za kahawa yenye ganda, na taarifa inaonyesha kilo 7,400 za kahawa safi. Mkaguzi asiyeijua kahawa ataomba hati, ataona sahihi na mhuri, ataendelea na ukurasa unaofuata. Anayeijua atasimama hapo, kwa sababu alitarajia kilo zinazokaribia 8,000. Atauliza kahawa ilikuwa na unyevu kiasi gani siku ya kupokelewa. Atauliza kama ukame ulizaa punje nyepesi. Huenda majibu yakawa ya haki kabisa, na kosa likawa ni la karani aliyepokea kahawa mbichi. Huenda pia kilo 600 zimepata mwenyewe mwingine njiani. Kinyume chake nacho ni hatari: mkaguzi mgeni anaweza kuuona upungufu halali wa kilo 2,000 akamtuhumu katibu asiye na hatia.

Lipo pia suala la umiliki, ambalo wanafunzi wangu hulidharau hadi waonyeshwe. Chama kinachokusanya kahawa, kikampa mwanachama malipo ya awali na kumwahidi malipo ya pili baada ya mnada, je, kimeinunua au kinamuuzia? Kama kinamuuzia, fedha ya mnada si mapato ya chama. Ni deni kwa wanachama, likitolewa ushuru na gharama halali. Mhasibu akiiandika yote kuwa mapato, mizania itapendeza, bodi itaona ziada ya kutumia kwa posho na safari, na malipo ya pili yatageuka kuwa hisani.

Hili si jambo la kahawa peke yake. Nchini Marekani, ambako majimbo mengi yameruhusu biashara ya bangi (kwetu ni marufuku, na sisemi vinginevyo), kifungu cha 280E cha sheria ya kodi ya shirikisho, kilichotungwa mwaka 1982, kiliwazuia wafanyabiashara hao kuondoa gharama za kawaida kama pango na mishahara ya dukani kabla ya kodi. Kilichobaki ni gharama ya bidhaa iliyouzwa. Mhasibu asiyejua gharama ipi ni ya shambani na ipi ni ya dukani angeweza kumfilisi mteja wake kwa hesabu zilizo sahihi kimahesabu.

Kinachonishangaza ni kwamba upungufu huu tunao Moshi, mahali pasipostahili. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na KNCU mwaka 1933. Mwaka 1937 hasira juu ya bei na malipo zilizusha ghasia mlimani. Serikali ilivunja vyama vikuu mwaka 1976, ikavirejesha mwaka 1982, na mwaka huo huo ikaunda COASCO kuvikagua. Chuo cha Ushirika kilichoanza mwaka 1963 ni Chuo Kikuu tangu mwaka 2014. Bodi ya Kahawa iko hapa, kiwanda cha kukoboa kiko hapa, watafiti wa TaCRI wako Lyamungo, mwendo mfupi kutoka mjini. Mwanafunzi wa uhasibu anaweza kumaliza miaka mitatu katikati ya yote haya bila kushika kipima unyevu.

Napendekeza asiruhusiwe mtu kutia sahihi hesabu za chama cha kahawa kabla ya kukaa msimu mmoja, Julai hadi Desemba, kwenye mizani ya chama, kiwandani na mnadani. Nitaambiwa vyama ni maskini na wakaguzi ni wachache. Ni kweli, na ndiyo maana gharama hiyo isibebwe na chama kimoja kimoja, bali na Tume ya Maendeleo ya Ushirika pamoja na vyuo, kuanzia kwenye mafunzo kwa vitendo ambayo tayari yamo kwenye mitaala na ambayo wanafunzi wengi huyamalizia kwenye ofisi za mjini wakipanga mafaili.