Kila Mwezi na Mada Yake: Kuposti Rahisi, Kuishi Ndiyo Kazi

Mwaka ukianza tu, mitandaoni hapakaliki. Staa mmoja wa Bongo mwenye wafuasi kibao alitangaza kwamba hataki tena kuishi kwa mazoea: kila mwezi atakuwa na mada yake. Januari afya, Februari mapenzi, Machi pesa, Aprili familia. Januari zikamwagika picha za gym. Februari maua na mishumaa. Machi ilipofika, mwezi wa pesa, kimyaaa! Hadi leo.

Watu wakamcheka, ila wazo lenyewe si la kuchekwa. Benjamin Franklin, yule mwenye sura kwenye noti ya dola 100, akiwa bado kijana alijiandikia tabia njema 13, akawa anaikazania moja kila wiki. Jioni alifungua kidaftari chake na kuweka alama nyeusi pale alipoteleza. Uzeeni alikiri wazi kwamba suala la kuwa na mpangilio lilimtoa jasho kuliko yote.

Wala si mambo ya Wazungu tu. Ramadhani ikiingia, mvutaji sigara anakaa mchana kutwa bila kugusa hata moja. Imani ndiyo inayombeba, lakini kuna jambo jingine linalomsaidia: mfungo una siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Mwezi mmoja unavumilika. "Kuanzia leo nabadilika maisha yangu yote" ndiyo inayowashinda wengi.

Sasa staa alikwama wapi? Franklin aliandika alipoteleza, yeye alionyesha alipopendeza. Afya na mapenzi vinapigika picha. Madeni je?

Kuna dada mmoja mwenye saluni Sinza, naye aliamua kujaribu mpango huo huo, bila kumtangazia mtu. Machi yake ilikuwa ya madeni. Aliorodhesha watu 6 wanaomdai, akampigia kila mmoja, akianza na yule aliyekuwa akimkwepa kwa kupita njia ya nyuma. Hakuwalipa wote, lakini mwezi ulipoisha alikuwa anapita njia yoyote.

Aprili ikawa ya familia. Alikuwa hajaongea na baba yake miaka 3, tangu ugomvi wa mahari. Akajipangia jambo moja tu: kumpigia kila Jumapili. Jumapili ya kwanza mzee akapokea: "Nani mwenzangu?" Alipojitaja, simu ikakatika. Hakujua kama ni mtandao au ni hasira. Kama mada ile ingekuwa ya kuposti, ingeishia hapo. Jumapili iliyofuata akapiga tena. Ya nne, mzee akauliza kama mvua za Dar zimeanza. Ugomvi haujaisha, ila siku hizi Jumapili akichelewa, mzee anabipu.

Hapo ndipo penye siri. Mada ya mwezi isichaguliwe kwa kupendeza, ichaguliwe kwa kuuma. Kisha ishushwe hadi iwe kitu kidogo kinachohesabika: simu 4, madeni 6, siku 30. Na huenda ile Machi iliyomnyamazisha staa ndiyo iliyokuwa mwezi wake hasa. Bado anaweza kuirudia, tena bila kamera.

Mwezi mpya hauko mbali. Kabla hujaupa jina, jiulize: ni simu gani unaogopa kuipiga?