Acheni kupiga Windows kila muhula!

Nilipotea kidogo. Majaribio yalitubana wiki mbili nzima, halafu umeme nao ukawa unakuja na kuondoka unavyotaka. Leo nimerudi na hasira, na hasira yenyewe ni juu ya kauli mnayoijua wote: "Hiyo kompyuta imezeeka, ipigwe Windows."

Hapa bwenini hiyo ndiyo dawa ya magonjwa yote. Kompyuta inachelewa kuwaka? Piga Windows. Flashi haionyeshi mafaili? Piga Windows. Word imeganda? Piga Windows! Kuna fundi mmoja nje ya geti, jina silitaji, anatoza elfu ishirini, na bumu likiingia tu foleni yake inashindana na ya kantini. Unarudishiwa mashine nyepesi, unashangilia, na baada ya miezi mitatu uko pale pale. Si ajabu. Kilichoifanya iwe nzito hakuna aliyekigusa, na jioni ile ile umeshairudishia programu zile zile kumi na tano.

Msimamo wangu ni huu: kompyuta za mezani tulizonazo zina uwezo mwingi ambao hatuutumii, na vifaa vya kuutoa vimo humo humo ndani ya mfumo endeshi, bure. Sisi wa ualimu kutovijua ni jambo baya kuliko mnavyodhani. Nitafika huko.

Tuanze na kuchelewa kuwaka. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Inafunguka Task Manager. Ikija ndogo, bofya More details, kisha nenda Startup. Hapo utaona orodha ya programu zinazojiamsha zenyewe kila ukiwasha mashine: ya kupakua muziki, ya kupiga simu za video, ya printa uliyoiona mara moja steshenari. Zote zinagombania RAM hata kabla hujafungua kazi yako. Usiyoihitaji ibofye kwa mausi upande wa kulia, chagua Disable. Programu haifutiki, inaacha tu kujiamsha. Dakika tano, shilingi sifuri.

Jambo la pili wengi watabisha, lakini ndivyo lilivyo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Kikiwa kimewashwa, ukibonyeza Shut down mfumo hauzimiki wote. Sehemu yake ya ndani inahifadhiwa kwenye diski ili kesho iamke haraka. Restart ndiyo inayouanzisha upya kabisa. Nenda Task Manager, Performance, halafu CPU, usome Up time. Unaweza kukuta siku kumi na mbili, na wewe unaapa unazima kila usiku! Kwa hiyo mashine ikianza vituko, jaribu Restart kabla hujabeba sanduku kichwani kwenda getini.

Sasa flashi. Hapa ndipo watu wanapolia machozi, hasa wa mwaka wa tatu wenye tafiti zao. Unachomeka flashi, mafaili hayapo, umebaki na vijishotikati. Fundi anakwambia "data zimeliwa, kuzirudisha ni elfu kumi." Jamani! Mara nyingi hazijaliwa. Virusi vya aina hiyo huyaficha mafaili na kuweka shotikati mahali pake ili ubofye na kuvisambaza. Usibofye. Kwanza skani flashi kwa Defender, ambayo imo ndani ya Windows 10 na 11 bila malipo. Kisha fungua Command Prompt, uandike hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Badala ya E weka herufi ya flashi yako, bonyeza Enter, subiri. Kama yalifichwa tu, utayaona yamerudi. Mstari mmoja huo ndio watu wanaulipia elfu kumi.

Na kwa nini virusi vinastawi hivi? Sababu moja kubwa ni kwamba kila mtu anaingia kama Administrator. Ni sawa na nyumba ambayo kila mgeni amepewa funguo za vyumba vyote. Windows inakuruhusu kutengeneza akaunti ya kawaida, Standard, ambayo haiwezi kusakinisha kitu kwenye mfumo bila nywila ya mwenye mashine. Haizuii kila kirusi, lakini inapunguza sana madhara. Kompyuta ya kuchangia watu sita chumbani ilipaswa kuwa na akaunti za namna hiyo tangu siku ya kwanza.

Kuna wanaosema, "Sawa, lakini yangu kweli ni mzee, Windows 11 imeikataa." Nakubali, hilo lipo. Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Microsoft iliweka mwaka mmoja wa ziada wa masasisho ya usalama kwa wanaojiandikisha. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kompyuta nyingi za kabla ya mwaka 2018 haziingii kwenye orodha yake. Kukaa na mfumo usiosasishwa huku uko kwenye intaneti ni hatari, sitawadanganya. Lakini kukataliwa na Windows 11 hakuifanyi mashine kuwa chuma chakavu.

Ipo Linux. Kuna Ubuntu, yenye jina la Kibantu kabisa, iliyotoka mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa mradi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kuna Linux Mint, na ile yenye mwonekano wa Xfce haina tamaa ya RAM. Unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kwa hiyo flashi, unaijaribu bila kugusa diski. Ikikuchosha unachomoa. LibreOffice imo tayari kwa kuandika na kutengeneza slaidi. Anayetegemea programu ya Windows pekee abaki Windows, simlazimishi. Na asiniambie mtu haya ni mambo ya Wazungu: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Wengi wetu tulikuwa watoto wadogo au hatujazaliwa!

Sasa nafika kwenye kinachoniuma. Sisi ni walimu watarajiwa. Somo letu la kompyuta hapa chuoni linatukaririsha vizazi vya kompyuta, kuanzia ENIAC mpaka leo, na tofauti ya hardiwea na softiwea. Tunajibu, tunapata B, tunasahau. Hakuna siku hata moja tuliyofungua Task Manager darasani. Halafu tunapelekwa TP.

Kwenye shule niliyopangiwa TP kulikuwa na chumba chenye kompyuta kumi na mbili za msaada, zimefunikwa vitambaa kama maharusi. Kufuli mlangoni. Nilipouliza nikaambiwa "zimekufa." Niliomba ufunguo. Kati ya kumi na mbili, nane ziliwaka. Mbovu kweli zilikuwa nne. Zile nane zilikuwa nzito tu na zimejaa virusi, na hakuna mwalimu aliyefundishwa pa kuanzia. Watoto wa kidato cha pili walikuwa wakichora kibodi ubaoni wakati kibodi za kweli ziko chumba cha pili. Hebu niambieni, hapo nani amezeeka, kompyuta au mafunzo yetu?

Najua mtasema fundi naye anatafuta ugali. Sawa kabisa. Pawasaplai ikiungua, mlipe. Diski ya zamani ikichoka na unataka kuweka SSD, mlipe, na utafurahi maana kasi yake ni nyingine kabisa. Mlipe kwa ujuzi wake, usimlipe kwa kazi ya vitufe vitatu. Tena kule kijijini utakakopangiwa fundi hayupo. Wewe mwalimu ndiye fundi.

Pia sisemi kwamba ujanja huu unageuza mashine ya GB 2 kuwa mpya. Haitakuhariria filamu. Lakini kuandika andalio la somo, kutunza alama, kufundishia watoto kuchapa na kutafuta mafaili, inatosha na kubaki.

Ninachodai ni kidogo. Kabla ya TP ijayo, kitivo kitupe saa nne tu za vitendo maabara: programu zinazojiamsha, akaunti za wanafunzi, kusafisha virusi, kuhifadhi nakala za mafaili, na kusakinisha mfumo mmoja kwa mkono wako. Wawakilishi wa madarasa, lipelekeni hili kwenye kikao badala ya kujadili tisheti za mahafali kila mwaka. Na wakati tunasubiri majibu, Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa chumba cha kusomea ghorofa ya chini. Njoo na sanduku lako "lililozeeka", tulifungue pamoja. Bure. Utakayejua leo, kesho kutwa umfundishe mwenzako.

Anayebisha aje na hoja, asije na matusi. Naomba kuwasilisha.