Kupiga mbizi si starehe ya watalii pekee

Nilipowaambia wasee wa base yetu pale Umoja kwamba nataka kujifunza kupiga mbizi, walicheka hadi chai ikamwagika. "Buda, uliacha chuo, sasa unataka kuishi na samaki? Mtaa wenyewe maji tunanunua kwa mtungi!"

Nilicheka pia. Lakini maji tunayajua, tena vibaya. Utotoni tulikuwa tukiogelea kwenye kware zilizojaa mvua, mathe akiwa kazini. Siku moja mwanafunzi mwenzetu hakuibuka. Alitolewa jioni na jamaa wa mtaa aliyejifunga kamba kiunoni, bila miwani, bila mtungi wa hewa. Huyo ndiye mpiga mbizi wa kwanza niliyewahi kumwona.

Kumbuka Likoni, Septemba 29, 2019. Gari likiwa na mama na bintiye liliteleza kutoka feri ya MV Harambee, na halikutolewa hadi Oktoba 11. Mitandaoni tuliwatusi wapiga mbizi, mimi nikiwemo. Baadaye ndipo nikasoma. Gari lilikuwa mita 58 chini. Kila mita 10 unazoshuka, maji yanakukandamiza zaidi kwa uzito sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Huko chini shinikizo ni karibu mara saba ya tulilozoea. Anayepiga mbizi kwa kujifurahisha hatakiwi kupita mita 40. Ukipanda haraka, naitrojeni inageuka mapovu mwilini na inaweza kukulemaza au kukuua.

Hiyo ni kazi ya ujuzi, si mchezo wa watu wa hoteli. Meli ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vitu walivyotoa vimewekwa kwenye makavazi papo hapo. Nayo MV Dania ilizamishwa makusudi karibu na Mombasa mwaka 2002 ili iwe makao ya samaki na matumbawe. Leo watu wanalipia kwenda kuitazama.

Najua mtasema Mombasa ni mbali, na kozi ni ghali. Sawa. Lakini kware haiko Mombasa, iko hapa. Kabla ya mtungi wa hewa kuna kuogelea, na hapo ndipo serikali ya kaunti inatudai jibu: vidimbwi vya umma ambavyo mtoto wa Kayole au Dandora anaweza kuingia bila kuuza simu ya babake viko wapi? Tukipewa hivyo, na walimu, wengine wetu watafika chini baharini. Wengine wote watarudi nyumbani jioni wakiwa hai.

Mimi huenda kujifunza kila Jumamosi, na bado nakunywa maji mengi. Juzi yule aliyenicheka zaidi aliniuliza chini ya sauti, "Kwani huwa mnaanza saa ngapi?"